Je, ninunue tiketi ya punguzo ya daraja la biashara ili nipande ngazi Flying Blue?

"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Dar es Salaam na nafuata vipuri vya mashine za uchapaji Uholanzi mara nne kwa mwaka. Napanda KLM, daraja la kawaida, na nauli najilipia mwenyewe. Kwenye akaunti yangu ya Flying Blue, mpango wa zawadi za wasafiri wa KLM, nina XP 60, zile pointi za kupanda ngazi, na bado niko Explorer, ngazi ya chini kabisa. Mwaka wangu wa kuhesabiwa unaisha mwishoni mwa Septemba, na nimebakiza safari moja tu kabla ya hapo. Mwaka uliopita niliishia XP 80, zikafutwa, nikaanza sifuri. Sasa nimeona ofa ya daraja la biashara Dar–Amsterdam–Oslo, kwenda na kurudi, dola 2,700. Tiketi yangu ya kawaida ya Dar–Amsterdam huwa dola 1,050, na ya kawaida hadi Oslo, anakoishi dada yangu, ni dola 1,140. Rafiki mmoja anasema tiketi za ofa za biashara hazina pointi. Mwingine ananiambia niachane na KLM nihamie British Airways, eti safari mbili tatu za biashara zinatosha kupata Gold. Na kuna jamaa ananiuzia biashara kwa dola 1,500 'kupitia maili'. Nifanye nini? Ninachotaka hasa ni begi la ziada, na ikiwezekana launji, ukumbi wa mapumziko uwanjani."

Ndugu yangu, nianze na lile linalokusumbua zaidi. Ofa uliyoiona inatoa XP sawasawa na tiketi ya biashara ya bei kamili, kwa hiyo rafiki yako wa kwanza amekosea kuhusu Flying Blue. Hata hivyo, umepungukiwa XP 40 tu kufika Silver, ngazi inayofuata, na kulipa dola 1,650 zaidi ya nauli yako ya kila siku ili kuziba pengo la XP 40 ni gharama kubwa mno wakati njia mbili nyingine zinaliziba kwa bei nafuu. Tuangalie mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana ukiuelewa hutahitaji kuuliza tena kila ofa inapotokea.

Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ulibadili hesabu zake Aprili 2018. Tangu hapo kuna vihesabio viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni maili, zile unazotumia kununulia tiketi za zawadi. Hizi ukiruka na Air France au KLM zinafuata fedha ulizolipa: Explorer hupata maili 4 kwa kila yuro ya nauli bila kodi za serikali na viwanja, Silver 6, Gold 7, Platinum 8. Ukinunua kwa bei ya chini, maili zinapungua. Cha pili ni XP, zinazoamua ngazi yako. Hizi haziangalii bei. Zinaangalia mambo mawili kwa kila kipande cha safari: umbali, na daraja ulilokata.

Kipande cha ndani ya nchi moja katika daraja la kawaida kina XP 2. Cha kimataifa kisichofika maili 2,000 kina XP 5. Kati ya maili 2,000 na 3,500 ni XP 8, kati ya 3,500 na 5,000 ni XP 10, na zaidi ya hapo ni XP 12. Daraja la kati, ambalo KLM huliita Premium Comfort, huzidisha namba hizo mara mbili. Biashara huzidisha mara tatu, na daraja la kwanza mara tano. Dar hadi Amsterdam ni takriban maili 4,500, kwa hiyo ni XP 10 kwa kawaida, 20 kwa daraja la kati na 30 kwa biashara. Amsterdam hadi Oslo ni XP 5 au 15.

Sasa utaona kwa nini umekwama. Kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni XP 20. Mara nne ni XP 80. Silver inataka XP 100 ndani ya miezi 12. Ukiendelea kusafiri ulivyozoea, utakosa Silver mwaka huu, mwakani na kila mwaka, kwa pengo lilelile la XP 20.

Rafiki yako wa kwanza, aliyesema tiketi za ofa hazina pointi, hakulitoa hewani alilosema. Kwenye mipango mingi mingine, kama ya Turkish Airlines na Ethiopian, herufi ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo huamua unapata asilimia ngapi ya maili za umbali, na herufi za bei ya chini hupata asilimia ndogo. Huko kuuliza "ni herufi gani?" ni swali la kwanza kabla ya kulipa. Kwa Air France na KLM wenyewe, herufi J na herufi Z zote ni biashara na zote zina XP zilezile. Kinachotofautiana ni masharti, na hapo nitarudi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwako lina uzito kuliko jedwali lenyewe, ni kinachotokea ukishavuka mstari. Ukifika XP 100, mfumo unakupandisha Silver, unakata XP 100, na kilichobaki kinahamia kwenye mwaka mpya wa miezi 12 unaoanza hapo. Kutoka Silver kwenda Gold unahitaji XP 180, na kutoka Gold kwenda Platinum XP 300. Kubaki ulipo kunataka kiwango kilekile kilichokupandisha: Silver apate XP 100 kila mwaka wake, Gold 180. Ziada inayohama ina ukomo wa XP 300, kikomo ambacho hakikuhusu kwa sasa. Usipotimiza, unashuka ngazi moja, hutupwi hadi chini. Mtu wa Explorer ndiye anayepata hasara mbaya zaidi: asipofika 100, kihesabio kinarudi sifuri, kama kilivyokufanyia mwaka uliopita.

Tuchukue basi ile safari yako moja iliyobaki, ukiwa na XP 60 mkononi.

Ukipanda kawaida moja kwa moja hadi Amsterdam, unamaliza na 80. Umekosa. Ukipanda kawaida hadi Oslo kumsalimia dada, ni XP 10 na 5 kila upande, jumla 30, unamaliza na 90. Umekosa tena, na hii inauma zaidi kwa sababu umekaribia. Lakini ukiipitisha safari hiyohiyo Nairobi, yaani Dar–Nairobi na Kenya Airways, kisha Nairobi–Amsterdam, kisha Oslo, unapata 5, 10 na 5 kila upande: XP 40, na kihesabio kinagonga 100 barabara. Njia ya pili ni kukata Premium Comfort kwenda na kurudi moja kwa moja hadi Amsterdam: 20 na 20, nayo ni 100. Kabla ya kuichagua hakikisha ndege iliyopangwa siku zako ina viti hivyo, kwa sababu si kila ndege ya KLM inavyo. Ukurasa wa kuhifadhi safari utakuonyesha daraja hilo kama lipo na halitaonekana kama halipo. Biashara moja kwa moja ingekupa 60, jumla 120. Na ofa yako ya Oslo ingekupa 30 na 15 kila upande, yaani 90, jumla 150.

Angalia bei ya kila XP. Ofa ya biashara ikilinganishwa na tiketi yako ya kila siku ni dola 1,650 za ziada kwa XP 70 za ziada: karibu dola 24 kwa XP moja. Kipande cha Oslo katika daraja la kawaida ni dola 90 kwa XP 10, yaani dola 9. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jibu langu. Kwa mtu anayeitafuta Silver, vipande vya ziada katika daraja la kawaida ni nafuu kuliko kiti kinacholala. Ikiwa safari zako nne za kila mwaka mbili kati yake zina kipande kimoja cha ziada kila upande, iwe Nairobi au Oslo, hesabu inakuwa 30, 30, 20 na 20. Hiyo ni 100 kamili, kila mwaka, bila kugusa daraja la biashara.

Tahadhari moja kuhusu vipande: ndege ya KLM ya Dar mara nyingi hutua Kilimanjaro au Zanzibar njiani. Kutua huko hakuongezi XP. Maadamu namba ya safari ni ileile, ni kipande kimoja, hata kama umeketi uwanjani saa nzima. Kinachohesabiwa ni kubadili namba ya safari.

Nikiishia hapo nitakuwa sijaitendea haki ofa yako, kwa sababu ina sifa moja isiyoonekana haraka: ile ziada. Ukifika 100 kamili kwa njia ya Nairobi au Premium Comfort, unaingia Silver na kihesabio sifuri. Mwaka unaofuata, ukirudi kwenye safari zako nne za kawaida bila kipande cha ziada, unapata 80 na Silver inaondoka. Umeifaidi miezi 12 tu. Ukitumia ofa ya biashara, unaingia Silver na XP 50 zikiwa zimebaki. Mwaka wa kwanza wa Silver unaongeza 80, unakuwa na 130: unabaki Silver, zinahama 30. Mwaka wa pili 30 na 80 ni 110: unabaki tena, zinahama 10. Mwaka wa tatu 10 na 80 ni 90, na hapo ndipo unashuka. Tiketi moja ya biashara inakubebea Silver ya miaka mitatu.

Miaka mitatu ya Silver kwa dola 1,650 ni dola 550 kwa mwaka. Kwa njia ya vipande vya ziada, mara mbili kwa mwaka, ni kama dola 180 kwa bei ulizonitajia, pamoja na muda na uchovu wa kuunganisha ndege. Bado vipande vinashinda kwa fedha. Lakini kwenye zile dola 1,650 umenunua pia usiku wa kulala umejinyoosha kwenda na kurudi, mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, na launji katika safari hiyo. Wewe unabeba vipuri. Kama safari hii una mzigo mkubwa ambao ungeulipia ziada katika daraja la kawaida, chukua bei ya ziada hiyo kwenye ukurasa wa kuhifadhi safari uiondoe kwenye 1,650. Kama mgongo wako haukubali tena saa nyingi za kiti cha kawaida, una haki ya kuupa bei usingizi wako. Hesabu hiyo ni yako, siwezi kukufanyia. Ninachokuomba ni kwamba uinunue tiketi kwa sababu safari yenyewe inaistahili, na XP ziwe faida ya juu. Anayeinunua kwa ajili ya kadi peke yake kwa kawaida hulipa mara mbili: analipa tiketi, halafu mwakani analipa tena ili asiipoteze kadi.

Launji, sasa. Silver haikupi launji. Inakupa begi moja la ziada ukiruka na Air France au KLM, foleni ya haraka ya kukabidhi mizigo na kupanda ndege, na maili nyingi kidogo. Launji inaanzia Gold, ambayo ndani ya muungano wa SkyTeam husomeka Elite Plus: unaingia launji siku unayosafiri kimataifa na kampuni ya muungano, hata ukiwa na tiketi ya daraja la kawaida, na unaruhusiwa mgeni mmoja anayesafiri. Unapata pia njia za haraka za SkyPriority uwanjani.

Kwa safari zako, Gold ingetaka biashara mbili. Ukinunua ofa hii sasa unabaki na 50. Mwaka unaofuata ukipanda biashara ya Oslo mara moja na kawaida mara tatu unaongeza 150, unafika 200. Unakatwa 180, unakuwa Gold na XP 20. Mwaka wa baadaye, kwa safari nne za kawaida, unafikia 100 tu na Gold inakwenda zake. Umetumia dola 3,300 za ziada kupata mwaka mmoja wa Gold, yaani safari nane za ndege, nne kwenda na nne kurudi. Ukizigawa ni zaidi ya dola 400 kwa kila mara utakayoketi launji. Ningekushauri usiifukuzie Gold kwa mwendo huu wa safari. Mambo yakibadilika, ukawa unasafiri mara saba au nane kwa mwaka, tutapiga hesabu upya, kwa sababu hapo Gold inajishikilia yenyewe kwa nguvu ndogo.

Na liko jambo linalosahaulika kwenye mazungumzo haya yote: abiria wa biashara tayari ana launji, foleni ya haraka na mabegi, awe na kadi au asiwe nayo. Kadi inafanya kazi siku unayokaa daraja la kawaida. Anayepanda biashara kila mara ili apate kadi amepata kitu ambacho hatakitumia. Mtu anayefaidi ni yule anayechanganya: safari moja au mbili za biashara kwa bei ya chini, na nyingine nyingi za kawaida ambako kadi inamsaidia kweli.

Kuhusu British Airways, ushauri wa rafiki yako wa pili ulikuwa na mashiko zamani. Hadi Machi 2025 kampuni hiyo ilitoa pointi za ngazi kwa umbali na daraja, na watu walikuwa wakitafuta biashara za bei ya chini zenye vipande vingi kwa sababu hiyohiyo unayoifikiria wewe. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 hesabu imegeuka: kila pauni 1 ya nauli unayolipa, bila kodi, ni pointi 1. Bronze ni pointi 3,500, Silver 7,500, na Gold 20,000, na mwaka wao unaanza 1 Aprili hadi 31 Machi kwa kila mtu. Chini ya mfumo huo, punguzo linakuumiza, kwa maana kila pauni uliyookoa ni pointi uliyopoteza. Safari mbili tatu za biashara za ofa hazikufikishi hata karibu na Gold. Makala nyingi zinazosambaa bado zinaeleza kanuni za zamani, kwa hiyo soma tarehe ya maandishi kabla ya kuyafuata. Juu ya hayo, ndege zao za Afrika Mashariki zinatua Nairobi, hazifiki Dar, na bidhaa zako ziko Uholanzi.

Yule jamaa wa dola 1,500 mwache. Tiketi inayotolewa "kupitia maili" ni tiketi ya zawadi iliyokatwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Haitoi XP wala maili hata moja, kwa hiyo lengo lako limekufa hapohapo. Kuuza maili ni kuvunja masharti ya mpango, na kampuni ikigundua huweza kuifuta tiketi ukiwa tayari Amsterdam, huku mwenye haki ya kuibadili au kudai fedha akiwa ni mwenye akaunti, si wewe.

Tuseme umeamua kununua ofa ile ya 2,700 kwa KLM au kwa wakala. Kabla ya kulipa, fungua maelezo ya kila kipande, usiridhike na neno "biashara" lililoandikwa juu. Tovuti za kulinganisha bei huita safari nzima biashara hata kama kipande kimoja ni cha kawaida, na XP huhesabiwa kipande kwa kipande. Amsterdam–Oslo ikiwa ya kawaida, 90 zako zinakuwa 70. Usishangae pia kwamba biashara ya ndani ya Ulaya ina viti vilevile vya kawaida, kiti cha katikati kikiachwa wazi. Kwa XP inahesabiwa biashara kamili.

Kisha soma masharti. Bei imeshuka kwa sababu umekubali kufungwa: mara nyingi hurudishiwi fedha, kubadili tarehe kuna ada pamoja na tofauti ya nauli, kuna siku za chini za kukaa, na lazima uruke vipande vyote kwa mpangilio. Hili la mwisho limewaumiza wengi. Ukifika Amsterdam ukaamua "Oslo siendi, nimechoka", kompyuta inafuta vipande vyote vilivyobaki, ikiwemo ndege yako ya kurudi Dar. Ukiona huna nafasi ya kwenda Oslo, usinunue tiketi ya Oslo, au chagua kuunganisha Nairobi ambako kipande cha ziada kiko njiani kwako. Kwa njia ya Nairobi, vipande vyote viwe kwenye tiketi moja. Ukikata Dar–Nairobi peke yake na ndege ya Nairobi ikakuacha, tiketi ya pili haina wajibu wowote kwako. Na kwa vipande vinavyoendeshwa na Kenya Airways, kagua kwenye jedwali la Flying Blue kwamba herufi ya bei yako imo kati ya zinazotoa XP, kwa sababu kwa makampuni washirika herufi inarudi kuwa na nguvu. Njia yako ya 100 kamili haina akiba: kipande kimoja kisipoingia, unabaki 95 au 90 na mwaka unakatika.

Tarehe nazo zina ukatili wake. XP huingia kwa tarehe uliyoruka, wala si uliyolipa. Safari ya kurudi ikiangukia Oktoba 1, XP zake hazikusaidii mwaka huu. Panga urudi wiki moja kabla ya mwisho wa Septemba ili ndege ikiahirishwa bado uwe ndani.

Namba ya Flying Blue iwekwe wakati wa kukata tiketi, na jina lisomeke kama kwenye pasipoti na kwenye akaunti. Majina matatu upande mmoja na mawili upande mwingine ndiyo sababu ya kawaida ya XP kutoingia. Tunza pasi za kupandia ndege na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, inayoanza na 074 kwa KLM, 057 kwa Air France au 706 kwa Kenya Airways. XP zisipoonekana siku chache baada ya kuruka, unaweza kudai kwenye akaunti yako ndani ya miezi 6. Kampuni ikikubadilishia njia, mathalani ndege ya Nairobi ikifutwa ukawekwa ya moja kwa moja, omba kwa maandishi uhesabiwe njia ya awali uliyolipia. Wakikushusha daraja, wakakuweka kawaida wakati umelipa biashara, una haki zaidi ya XP: chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, KLM inapaswa kukurudishia asilimia 75 ya bei ya kipande hicho ikiwa kinazidi kilomita 3,500, na kanuni hiyo inahusu pia ndege yao ya kutoka Dar kwenda Amsterdam.

Yako mambo ya kwenda kuyauliza ana kwa ana. Viza ni la kwanza. Kwa pasipoti ya Tanzania unaingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pale Amsterdam, si Oslo, na Norway imo ndani ya Schengen ingawa haimo Umoja wa Ulaya. Viza ya Uholanzi inatosha kama shughuli yako kuu iko Uholanzi. Ukikaa siku nyingi zaidi kwa dada, ombi lilipaswa kupitia Norway. Kama viza yako ya sasa ni ya kuingia mara moja au siku 90 unazoruhusiwa kukaa katika kila siku 180 zinakaribia kwisha, fika kituo cha maombi ya viza kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa. Msomaji mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Somalia ajue kwamba yeye anahitaji viza ya kupitia uwanjani hata akibadilisha ndege tu Amsterdam au Paris bila kutoka nje.

Kama jina lako limekosewa kwenye akaunti, nenda ofisi ya KLM na pasipoti yako walirekebishe kabla ya safari, kwa sababu kurekebisha baada ya kuruka huchukua wiki na Septemba haisubiri. Na kwa kuwa unasafiri kwa biashara yako, muulize mhasibu wako ni kiasi gani cha nauli kinakubalika kama gharama ya biashara. Tofauti ya dola 1,650 inaweza kuhitaji maelezo mbele ya TRA, mamlaka ya mapato, ambayo tiketi ya 1,050 haikuyahitaji.

Kwa hali uliyonieleza, ningeanza na Premium Comfort: kama ndege ya siku zako inavyo viti hivyo, na bei haijapita dola 1,500, kata hiyo, kwa kuwa ina vipande viwili tu vya kuharibika na unafika 100. Ikishindikana, kata njia ya Nairobi na Oslo kwa tiketi moja, na urudi mapema Septemba. Ofa ya biashara iache, isipokuwa mzigo wa safari hii ni mkubwa kiasi kwamba mabegi yale mawili ya kilo 32 yanarudisha nusu ya tofauti yake. Na vyovyote utakavyochagua, fungua akaunti yako leo utazame tarehe kamili ya mwisho wa mwaka wako wa kuhesabiwa na jedwali la XP la safari unayotaka kununua. Kanuni za mipango hii hubadilishwa, na namba iliyo kwenye akaunti yako siku ya kulipa ndiyo itakayotumika.